Picha Yetu Magazetini na Kazi ya Mikono Yetu



Kikundi chetu kinatimiza miaka kumi. Tumeona tuseme jambo linalogusa mfuko wetu kuliko wengi wanavyodhani: namna magazeti, redio na televisheni vinavyomwonyesha mwanamke.

Miaka ya 1980 mshahara ulipokuwa haufiki mwisho wa mwezi, mama zetu walikaanga vitumbua na kufuga kuku. Miaka ya 1990 wafanyakazi wengi wa mashirika ya umma walipopunguzwa kazini, biashara hizo ndogo zilisomesha watoto. Leo wanawake ni mafundi umeme, madereva, wahandisi. Tangu Machi 2021 hata Rais wetu ni mwanamke.

Lakini hebu tazameni matangazo. Sabuni, mwanamke. Mafuta ya kupikia, mwanamke. Trekta, mwanamume. Na vile vikatuni vya sekretari na bosi wake, nani asiyevijua?

Mwaka 1995 habari zilichunguzwa katika nchi 71: kati ya watu 100 waliotajwa au kusikika, wanawake walikuwa 17. Mwaka 2020 wakawa 25. Miaka 25, nyongeza ya watu wanane! Na mwaka huohuo wa 1995, mkutano wa Beijing, chini ya Katibu Mkuu wake, Mtanzania mwenzetu Mama Gertrude Mongella, uliweka vyombo vya habari katika maeneo yake 12 ya kushughulikiwa.

Hasara ni yetu. Mama anayefika sokoni saa kumi alfajiri huambiwa hana kazi, ni mama wa nyumbani tu. Akiomba mkopo, anaulizwa mume wake yuko wapi. Na binti asiyemwona fundi mwanamke atatamanije ufundi?

Basi tunapendekeza. Kwanza, mwandishi akitutembelea tumwonyeshe daftari la hisa na marejesho, siyo ngoma na vitenge peke yake. Pili, tangazo likitudhalilisha, tumwandikie mhariri. Na sabuni hiyo tusiinunue, maana wanunuzi ni sisi. Tatu, waandishi wetu wa TAMWA, walioungana tangu 1987, tuwape habari zetu, tusingoje watutafute.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Sisi wa sokoni twajua: bidhaa iliyofichwa chini ya meza hainunuliwi. Tujitokeze, akina mama!