Suti ya Jumapili na magunia ya Jumatatu

Hapa Katindiuka, kata iliyo ndani ya mji wa Ifakara, mtu hana haja ya kuuliza kama mpunga umekwisha kuuzwa. Jumapili moja tu ya mwezi wa Julai inatosha kumjulisha. Mashati mapya yanaonekana, vitenge bado vina mikunjo ya dukani, na viatu vinang'aa kuanzia mlango wa kanisa hadi madhabahuni. Sina ugomvi na jambo hilo. Mtu aliyeshinda kwenye tope la bonde la Kilombero miezi kadhaa anastahili kuvaa vizuri anapokwenda kumshukuru Mungu wake. Ninalotaka tulizungumze wiki hii ni jinsi nguo hizo zinavyoweza kutudanganya kuhusu nyumba zilikotoka.

Kwa wasiolijua bonde hili, nieleze kidogo. Mashamba mengi ya mpunga ya watu wa Ifakara yako mbali na nyumba zao. Mvua zinapoanza, familia nyingi huhamia shambani na kuishi katika vibanda vya miti na nyasi mpaka mavuno. Huko mama hupanda na kupalilia, na mpunga unapotoa masuke, yeye na watoto wadogo huamia ndege tangu alfajiri hadi jua linapozama. Watoto wa shule mara nyingi hubaki mjini kwa bibi yao, na wengine hubaki peke yao, mkubwa akiwalea wadogo. Kwa hiyo gunia moja la mpunga limebeba jasho la nyumba nzima, na ndani yake kuna usiku mwingi ambao mtoto alilala bila mama yake.

Kisha mpunga unavunwa. Mnunuzi anafika na lumbesa yake, na bei inakuwa ya chini kwa kuwa kila mtu anauza wakati huo huo. Je, fedha anapokea nani? Katika nyumba nyingi hupokea baba. Hilo peke yake si kosa, maana lazima mmoja azishike. Tatizo ni kwamba katika baadhi ya nyumba hizo mama hajui hata ni magunia mangapi yaliyouzwa.

Mama mmoja alinieleza habari yake. Mumewe ni mtu wa heshima kanisani. Huvaa suti, hutoa michango mbele ya watu, na akisimama kusema jambo watu hutulia. Wanawake wenzake humwambia kila mara kwamba amebahatika. Mwaka ule baada ya mpunga kuuzwa hakuonyeshwa hata shilingi, na alipouliza, aliambiwa kwamba mke Mkristo hamhesabii mumewe fedha. Ilipofika Februari alikuwa akifanya kibarua cha palizi katika shamba la mtu mwingine ili wanawe wale. Akaniambia kwamba njaa aliizoea, lakini kilichomuumiza ni kujua kuwa hakuna mtu kanisani ambaye angemwamini. Suti ile ilikuwa imekwisha kumtolea mumewe ushahidi.

Ndugu wasikilizaji, tunapohubiriwa juu ya uzuri wa ndani na uzuri wa nje, mahubiri hayo kwa kawaida huelekezwa kwa akina mama. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya tatu, anawaasa wanawake wasitegemee misuko ya nywele na vito vya dhahabu, watafute pambo la moyoni. Maneno hayo tumeyasikia katika harusi nyingi mno. Lakini sura haiishii hapo. Mistari michache mbele Petro anawageukia waume. Anawataka waishi na wake zao kwa busara na kuwapa heshima, na anawaonya kwamba wasipofanya hivyo sala zao zitakwama. Sehemu hiyo ni mara chache kuisikia ikisomwa kwa sauti ile ile.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kama pambo la moyoni ni wajibu wa Mkristo, basi ni wajibu wa mume na mke. Nasi akina baba tuna mapambo yetu ya nje, ingawa hatuyaiti hivyo. Suti ni pambo. Kiti cha mbele ni pambo. Hata mchango unaotangazwa kwa jina, kama umetoka kwenye fedha ya madaftari ya mtoto, nao ni pambo. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sisemi kwamba akina mama wote ni malaika. Wapo wanaokopa katika vikundi vya vikoba ili wapate sare ya sherehe, halafu deni linaanguka juu ya nyumba nzima. Wapo wanaojichubua ngozi kwa mkorogo, wakati vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku nchini na madhara yake yanafahamika. Hao nao wanashindana kwa sura. Lakini mke akikosea katika mavazi, mtaa mzima utamsema kabla ya jioni. Mume akila mpunga wa familia huku amevaa vizuri, mtaa humwita mzee wa kanisa.

Wako watakaosema kuwa haya ni mambo ya ndani na hayamhusu mtu mwingine. Sheria ya nchi haikubaliani nao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua haki ya mke katika mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba hata kazi za mke za kutunza nyumba na familia ni mchango katika kuchuma mali. Kama mahakama imeiona kazi inayofanyika jikoni pasipo shahidi, sisi tunaosali pamoja tutasemaje kwamba hatuoni kazi ya mama aliyesimama kwenye maji ya mpunga mchana kutwa?

Sasa tufanye nini? Kwanza, kabla gunia la kwanza halijauzwa, baba na mama waketi pamoja wahesabu. Itengwe mbegu ya msimu ujao. Kitengwe chakula cha kufikia mavuno mengine. Watengewe watoto mahitaji ya shule, na yatajwe madeni. Kinachobaki ndicho cha nguo na michango. Mume anayeogopa hesabu hiyo ajiulize anaficha nini.

Pili, makanisa yetu. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo kwamba kiongozi wa kanisa awe kwanza ni mtu anayeiongoza vema nyumba yake. Kwa Wakatoliki, maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo tangu mwaka 1976, na majirani wa jumuiya moja wanajua nyumba ipi inapika na ipi haipiki. Kabla ya kumpa mtu uongozi, waulizwe majirani, na mkewe asikilizwe pasipo mumewe kuwapo.

Tatu, wazazi wenye mabinti na vijana wanaotaka kuoa. Msimchunguze mchumba siku ya kadi na vinywaji. Mwendeeni shambani wakati wa palizi, mwone anavyosema na mama yake akiwa amechoka na ana njaa. Kibanda cha shambani hakina kioo, na huko tabia haina pa kujificha.

Na ninyi mnaolisikia au kulisoma neno hili mkiwa Dar es Salaam, Morogoro au Mwanza, msidhani linawahusu wakulima peke yao. Mahali nilipotaja mpunga wekeni mshahara, na mahali nilipotaja Julai wekeni mwisho wa mwezi. Mkulima wa Kilombero akitaka kujua kama mpunga una kiini huupepeta, na mapepe huondoka na upepo hata kama maganda yake yalikuwa mazuri. Baba na ajipepete mwenyewe nyumbani kwake, mbele ya mkewe na wanawe, kabla hajaivaa suti ile ya Jumapili.