Machela ya Pamoja: Mada Juu ya Kuasisi Jumuiya ya Kuwaunganisha Wagonjwa wa Nakivale na Tiba ya Hisani Mbarara



1. Utangulizi

Naomba nianze na jambo ambalo wazee wa Ankole na Kigezi walilitambua zamani, ya kwamba mgonjwa aliye mlimani hapungukiwi na tabibu peke yake, bali hupungukiwa pia na mabega ya kumfikisha kwa tabibu. Na kwa ajili hiyo wakaunda vyama vya engozi, yaani machela ya kusukwa, ambamo majirani hupokezana kumbeba mgonjwa, na hata maiti. Hospitali ya Kisizi ilipoanzisha bima yake mwaka 1996, iliandikisha vyama hivyo hivyo vilivyokwisha kuaminiana. Rai yangu ni kwamba jumuiya tunayoiazimia iwe engozi baina ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale na hospitali za Mbarara.

2. Hali ilivyo

Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro, ilianza kupokea wakimbizi wa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo wanaishi humo pamoja na wenyeji. Uganda ilifuta ada katika vituo vya afya vya serikali mwaka 2001. Ama muswada wa bima ya afya ya taifa, Bunge liliupitisha mwaka 2021, lakini haukupata idhini ya kuwa sheria. Kwa hiyo kukosa bima si aibu ya mkimbizi peke yake. Jirani yake mwenyeji aghalabu yumo katika hali iyo hiyo, na jumuiya itakayomhudumia mmoja ikamwacha mwenzake itapanda husuda mahali ilipokusudia kupanda rehema.

Lakini tiba isiyo na ada haimaanishi safari isiyo na gharama. Mtazameni mama aliyepewa karatasi ya rufaa ya kwenda Mbarara, akaikunja ndani ya mfuko wa plastiki isiloe mvua: nauli hana, daktari atamsemesha Kinyankole au Kiingereza, naye ajua Kibembe na Kiswahili cha Kongo, na kwa kuwa katika hospitali zetu za umma mgonjwa hupikiwa na kufuliwa na jamaa yake, lazima aje na mtu wa kumuuguza, ilhali nyumbani ameacha watoto watatu na shamba la mahindi. Karatasi ile hubaki mfukoni hata wino ukafifia.

3. Hisani ipo, kiungo hakipo

Madaktari wapasuaji wa Uganda wana desturi ya kufanya kambi za upasuaji wa bure. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, huwapeleka wanafunzi wake wa utabibu vijijini. Na Hospitali ya Misheni ya Ruharo yasifika kwa tiba ya macho, ikiwemo saratani ya jicho la watoto wadogo. Maradhi hayo ndiyo mizani ya shauri letu, kwani mtoto hupewa dawa kwa awamu, na baina ya awamu moja na nyingine hupita wiki kadhaa. Akikosa nauli ya safari ya tatu, hisani ya tabibu imepotea, na jicho limepotea, na pengine uhai wenyewe.

4. Mapendekezo

(a) Jumuiya isajiliwe kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2016, ikubaliane na wilaya, na iombe ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, yenye dhamana ya wakimbizi.

(b) Liwekwe daftari moja la wagonjwa, nalo lioneshe tarehe ya kurudi, si tarehe ya kwenda tu.

(c) Wakalimani walipwe ujira, kwa kuwa kazi ya kutunza siri za mgonjwa haifai kuachiwa mpita njia.

(d) Kabla ya kufikiria gari lenye jina letu mlangoni, tununue sufuria, jiko na gunia la mkaa, na kupanga chumba karibu na hospitali, ili mwenye kuuguza apate pa kupikia uji wa asubuhi.