HEWA YA CHUMBANI WAKATI WA MVUA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Ziwa)



Habari ya mishahara tumeizungumza, na tutaizungumza tena. Leo twataka kusema juu ya chumba anacholala mfanya kazi.

Sisi wa Ziwa twakaa juu, mita 2,000 na zaidi. Mvua ikishika, na baridi ya Julai ikija, kila tundu huzibwa kwa gunia. Humo ndani mna jiko, nguo mbichi kambani, mahindi na watoto. Kuta zaota ukungu mweusi. Mtoto akikohoa twasema ni baridi. Lakini kuna moshi, kuna ukungu, na kuna vumbi la maua ya nyasi ambalo twaliingiza wenyewe kwa nguo za shambani. Nguo hizo zikung'utwe nje. Mwenye pumu asikae karibu na nyasi zinapokatwa.

Kubwa kuliko yote ni jiko la makaa kuingizwa ndani usiku kwa ajili ya joto. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na aliyelala huenda asiamke. Hata makaa yakionekana yamekufa, jiko lilale nje. Na moshi wa kupikia nao huua polepole: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020.

Magunzi na kuni zikauke kabisa kabla ya kuwashwa. Mvua ikipumzika, fungueni mlango na dirisha pamoja hewa ipite. Mahindi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, kisha magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Ukungu huoshwa kwa sabuni, lakini bati likivuja utarudi tu.

Na bati si kazi ya mama wa nyumba. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atoe nyumba ifaayo au pesa za kutosha za kodi, isipokuwa kama kodi imo tayari katika mshahara kwa mkataba wa kazi au mkataba wa chama. Basi someni mkataba wenu kwanza. Mwenye nyumba ya kampuni isiyo na dirisha, au inayovuja, ampe mjumbe wetu nambari ya nyumba hiyo, tupeleke madai kwa maandishi kabla ya mvua ijayo.