Nguvu ya Zege



Zamani tulijenga birika la maji chuoni kwetu. Tulichanganya saruji, mchanga na kokoto, tukazidisha maji ili kazi iwe nyepesi. Kisha tukaliacha zege likauke juani. Masika yalilijaza birika, lakini kabla ya kiangazi maji yote yalikuwa yamevuja katika nyufa, wanafunzi wakarudi kuchota mtoni. Kosa lilikuwa letu, na jioni hii twapenda kueleza sababu yake.

Saruji haigandi kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji. Maji yaliyozidi hayana kazi. Hutoka, yakaacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1918 Duff Abrams, mstadi wa Marekani, alionyesha ya kuwa kadiri maji yanavyozidi kwa kipimo kile kile cha saruji, ndivyo nguvu ya zege inavyopungua.

Katika miaka ya 1990 Pierre Richard na Marcel Cheyrezy wa Ufaransa waliifikisha kanuni hiyo mbali sana. Waliacha kokoto, wakatia mchanga mwembamba na vumbi la silika litokalo katika tanuru za silikoni, ambalo chembe zake ni ndogo mno, zikajaza nafasi baina ya chembe za saruji. Wakatia nyuzi fupi za chuma, na dawa ya kulainisha zege pasipo kuongeza maji. Kwa kilo 10 za saruji maji yalikuwa kama lita 2 tu. Zege likiisha kuganda, huwekwa katika mvuke wa digrii 90 kwa muda wa siku mbili.

Mwaka 1997 daraja la waendao kwa miguu lilijengwa hivyo mjini Sherbrooke, nchi ya Kanada. Urefu wake ni mita 60, na unene wa sakafu yake sentimita 3 tu. Mahali pa zege hilo padogo kama ukucha wa kidole gumba paweza kuchukua kilo 2,000; zege la kawaida huchukua 200 au 300.

Sisi hatuna mvuke wala vumbi la silika, lakini kanuni ni ile ile. Birika la pili tulilichanganya kwa maji machache, tukalishindilia vema, tukalifunika kwa magunia mabichi, tukayanywesha maji asubuhi na jioni siku saba. Wanafunzi walinung'unika kwa kuchota. Lakini halivuji hata leo.

Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza: heri ufa usizaliwe.