Mbolea ya Ruzuku na Hatifungani za Benki

Ruzuku ni fedha ambazo serikali hutoa, au kodi ambayo huacha kukusanya, ili shughuli fulani iwe nafuu au ilipe zaidi. Katika kaunti ya Uasin Gishu nchini Kenya, ruzuku inayojulikana na kila mtu ni ya mbolea. Septemba 2022 bei ya mfuko wa kilo 50 ilishushwa kutoka takriban shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka uliofuata ikafika 2,500. Mkulima wa Ziwa, Turbo au Moi's Bridge hujisajili, husubiri ujumbe kwenye simu, kisha hupanga foleni kwenye ghala la Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao. Gharama ya ruzuku hiyo hujadiliwa hadharani kila msimu wa kupanda, na ni haki ijadiliwe, hasa baada ya sakata la mbolea ghushi la 2024.

Ipo ruzuku nyingine isiyopita ghalani. Serikali inapopungukiwa, hukopa humu nchini kwa kuuza hatifungani kupitia Benki Kuu. Wanunuzi wakubwa ni benki za biashara, na mwaka 2024 zilikuwa zinashikilia zaidi ya asilimia 40 ya deni hilo la ndani. Baadhi ya hatifungani hizo, zile za miundombinu, riba yake haitozwi kodi hata kidogo. Kodi iliyosamehewa ni fedha za umma sawa na zile zinazolipia mbolea, ila hii hakuna anayeipangia foleni.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa Februari 2024. Hazina ya Kitaifa ilitafuta shilingi bilioni 70 kwa hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu. Maombi ya wanunuzi yakapita bilioni 288, na serikali ikachukua karibu bilioni 241 kwa riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka. Kampuni nchini Kenya hutozwa kodi ya asilimia 30 ya faida. Kwa hiyo, ili mkopo wa kawaida uiachie benki pato kama lile, mkopaji angelazimika kulipa riba ya zaidi ya asilimia 26, na hapo hatari ya kutolipwa haijahesabiwa. Hakuna shamba la mahindi linaloweza kubeba riba hiyo. Si ajabu kwamba kilimo, kinacholisha nchi, hupata chini ya asilimia 5 ya mikopo ya benki.

Kulaumu benki peke yake hakutoshi. Februari hiyohiyo ya 2024 Benki Kuu ilikuwa imepandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13 ili kuinusuru shilingi, na serikali ilikuwa ikikabiliwa na deni la nje la dola bilioni 2 lililotarajiwa kuiva Juni. Mkopaji mwenye shida hununua fedha kwa bei anayotajiwa. Dawa ya kuweka kikomo cha riba nayo ilishajaribiwa. Sheria ya 2016 ilizuia benki kutoza zaidi ya pointi nne juu ya riba ya Benki Kuu. Benki zikaendelea kununua hatifungani za serikali, wafanyabiashara wadogo wakakosa mikopo, na kikomo kikaondolewa Novemba 2019.

Benki nazo hazikosi uwezo: mwaka 2024 kundi la benki la KCB lilipata faida ya zaidi ya shilingi bilioni 60 baada ya kodi, na la Equity karibu bilioni 49. Faida hiyo haikutoka kwenye hatifungani pekee: imo riba ya mikopo, zimo ada, na yamo mapato ya matawi yao katika nchi nyingine, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikiwemo. Serikali yenyewe inamiliki karibu moja ya tano ya KCB, hivyo sehemu ya gawio huirudia. Hata hivyo, benki zenye uwezo huo hazihitaji msamaha wa kodi ili ziikopeshe serikali. Msamaha ubaki kwa mwananchi anayeweka akiba yake ndogo, na benki zilipe kodi ya riba hiyo kama zinavyolipa kwa mapato mengine. Hazina nayo itangaze, kwa kila hatifungani, ni kodi kiasi gani imesamehewa na nani amenufaika. Wabunge wa Bonde la Ufa, ambao kila Machi husimama kutetea mbolea, waidai hesabu hiyo bajeti itakapofikishwa Bungeni.