MCHANGO AU NAULI? SHERIA ZA SAFARI YA ANGANI



Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo huenda likaonekana kuwa ni la matajiri peke yao, lakini likitazamwa vizuri lamhusu kila mtu apandaye chombo cha mwenzake. Jambo lenyewe ni hili: mtu mwenye eropleni akikuchukua safarini, nawe ukampa fedha, je, fedha hiyo ni mchango au ni nauli?

Na tuanzie ufukoni Msasani, mahali tupajuapo. Mvuvi ana shughuli yake katika kisiwa cha Bongoyo. Rafiki zake wawili wamwomba waende pamoja, nao wote watatu wanunua mafuta ya mashine kwa shirika. Hao ni wenzi wa safari. Mvuvi angekwenda hata kama wale wasingekuja, naye ametoa sehemu yake. Lakini yule asimamaye ufukoni akiita watu, akamtoza kila mmoja fedha, na jioni akahesabu faida, huyo ni mfanya biashara. Bahari ni ile ile na chombo ni kile kile, lakini kazi ni nyingine. Sheria za angani zimejengwa juu ya tofauti hiyo hiyo.

Wazee wetu walimwita rubani yule ajuaye milango ya bahari na miamba yake. Siku hizi twamwita hivyo na yule aongozaye eropleni. Marubani hawa wana leseni za namna mbali mbali. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililotokana na mapatano ya Chicago ya mwaka 1944, rubani binafsi hupata leseni akiisha kuruka saa 40, au 35 akifundishwa katika chuo kilichokubaliwa. Atakaye leseni ya biashara hutakiwa saa 200, au 150 katika chuo kama hicho, na daktari humpima kwa ukali zaidi. Rubani binafsi haruhusiwi kuchukua watu kwa ujira. Wala jambo hili si geni katika nchi zetu. Katika miaka ya 1930 sheria ya Kiingereza ilikuwa na leseni ya A kwa safari za binafsi na leseni ya B kwa kazi ya malipo. Bibi Beryl Markham wa Kenya alijipatia hiyo B, akachukua abiria na barua kwa malipo.

Basi, mchango waruhusiwa wapi? Katika Marekani rubani binafsi aweza kugawana gharama na abiria wake, lakini sehemu yake yeye isipungue ya wenziwe. Tuchukue mfano: safari imegharimu shilingi 800,000, nao ni watu wanne pamoja na rubani. Rubani atoe shilingi 200,000 au zaidi. Gharama zinazogawanywa ni za safari ile tu: mafuta, oili, ada za uwanja, na kodi ya eropleni ikiwa imekodiwa. Tena lazima wawe na sababu moja ya kwenda huko, wala rubani asijitangaze kwa watu wote. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, gharama za safari hugawanywa baina ya wote waliomo, rubani akiwa mmojawapo, nao wasizidi watu sita.

Huenda mtu akauliza, "Kwa nini sheria iwe kali hivi, nami nimeridhika kulipa?" Sikilizeni habari hii. Tarehe 21 Januari 2019, Emiliano Sala, mcheza mpira wa Argentina, alisafiri usiku kutoka Nantes katika Ufaransa kwenda Cardiff, katika eropleni ndogo ya injini moja. Ikaanguka baharini karibu na kisiwa cha Guernsey, akafa yeye na rubani wake. Wachunguzi wa Uingereza waliona kwamba rubani alikuwa na leseni ya binafsi tu, hakuwa na idhini ya kuruka usiku, na idhini yake ya eropleni ya namna ile ilikuwa imekwisha muda. Tena hewa ya sumu itokayo katika moshi wa injini ilikuwa imeingia ndani. Safari ile haikuwa ya kuchangiana. Rubani alikuwa alipwe. Mwaka 2021 mtu aliyeitengeneza safari ile alihukumiwa kifungo cha miezi 18.

Haya yote abiria hawezi kuyaona kwa kutazama rangi ya eropleni. Sheria ya biashara ndiyo jicho lake: hukagua leseni ya rubani, hukagua mashine, hukagua na bima. Safari ya malipo ikifanywa kwa siri, jicho hilo limefumbwa, na pengine jamaa za aliyekufa wasipate hata senti ya bima.

Hapa Tanzania, achukuaye abiria kwa malipo lazima apate ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na rubani wake awe na leseni ya biashara. Na rubani binafsi atakaye kuchangiwa, na aende kwanza kwa Mamlaka hiyo, aulize kabla ya kupokea senti moja.

Nawe msikilizaji, siku moja rafiki akikuambia, "Twende Unguja kwa eropleni, tuchangie mafuta," muulize maneno matatu. Je, wewe ungekwenda hata nisipokuja? Nawe watoa kiasi gani? Leseni yako ni ya namna gani? Rubani mwema hatakasirika. Akikasirika, shuka. Kuuliza si ujinga, na safari ya kesho ipo.

Kwaherini.