Kabla ya Kuuza Shamba kwa Karo ya Urubani

Mtoto akisema anataka kuwa rubani, asikatishwe tamaa, lakini shamba lisiuzwe kwanza. Apimwe na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Rubani wa kulipwa huhitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza. Macho yakikataa baada ya karo kulipwa, hasara ni ya mzazi.

Shule nayo iwe na idhini ya KCAA. Ombeni kuiona, na mwangalie inaisha lini.

Leseni ya mwanafunzi huanza miaka 16, ya rubani binafsi 17, ya biashara 18. Kinachomeza pesa ni saa za angani: leseni binafsi hutaka zisizopungua 40, na wengi huzipita. Lipeni kwa awamu, risiti mkononi.